Mikono ya Kidirishani

Mama Mkubwa alikuwa na mikono ya buluu. Sisemi kwa mafumbo. Nasema buluu, kuanzia ncha za vidole hadi juu kidogo ya viwiko, na mtu asiyemjua akimwona sokoni alisogea pembeni kana kwamba ule ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwenyewe aliona raha. Kuna muuza nyanya aliyewahi kumkodolea macho, Mama Mkubwa akamwambia ameshika maiti asubuhi na hajapata nafasi ya kunawa, kisha akaanza kuzibinyabinya nyanya moja baada ya nyingine. Siku hiyo tulihudumiwa haraka.

Alikuwa mtia rangi, na rangi yake ilikuwa nili tu. Nyingine zote aliziita rangi za watoto. Nyuma ya nyumba aliyoachiwa na Babu, yaani baba yake, kulikuwa na chumba kirefu chenye giza, na ndani yake mitungi iliyofukiwa ardhini hadi shingoni, kila mmoja na mfuniko wake wa mbao. Nili si rangi ya kumwaga kwenye maji, ukakoroga, ukaenda zako. Inalishwa pumba na majivu, inafunikwa isipate baridi, inaonjwa kwa ncha ya ulimi, na ikiudhiwa inakufa. Ukikaa karibu na mtungi uliokufa, kwa harufu ile, utatamani ufe nao. Uzi ukitoka humo unatoka wa kijani. Unauinua, hewa inaugusa, na mbele ya macho yako unageuka buluu. Nimefanya kazi hiyo tangu nikiwa shule ya msingi na mpaka leo huwa nasimama kuangalia.

Mimi ni mtoto wa mdogo wake. Mama yangu alinizaa mimi tu, halafu akawa ananipeleka kwa dada yake kila nikitoka shule, eti kelele zangu zinampasua kichwa. Mama Mkubwa akanibandika jina la Chiriku na akanipa kijiti cha kukorogea. Nilimpenda kuliko aliyenizaa, na sioni sababu ya kuficha.

Chumba kile kilikuwa na sheria zake. Kuongea ndani kulikuwa marufuku. Bibi, mama yao, aliyetia rangi kabla ya binti zake, alishikilia kwamba mtungi unasikia, na ukisikia porojo unanuna. Babu naye alikuwa na wasiwasi wa aina yake: aliamini mji mzima unataka kumwibia siri ya mchanganyiko wake. Kwa hiyo hakuna mteja aliyekanyaga ndani. Alitoboa ukuta akaweka kidirisha, upana wa sinia, usawa wa kiuno, ukitaka kuchungulia inabidi upige magoti mavumbini na nguo zako safi. Mteja alipitisha uzi pale, mikono ya buluu ikaupokea. Akirudi kuuchukua, mikono ya buluu ikamkabidhi. Sura hakuiona na sauti hakuisikia. Mtaa mzima uliwajua watu wa nyumba ile kwa mikono, na mara nyingi mikono yenyewe ilikuwa ya Mama Mkubwa, kwa kuwa Babu alimkabidhi mitungi tangu akiwa msichana. Kazi ya mama yangu ilikuwa nje bombani, kusuuza na kuanika. Vidole vyake vilipauka buluu kidogo, basi.

Jambo hilo lilimkaa Mama kooni. Yeye ndiye aliyekuwa mzuri wa sura, kila mgeni alisema hivyo, lakini Babu alipokuwa na jambo la maana la kuongea alimwita mkubwa. Tena walianza kugombana wangali wadogo, na walichogombania ni hadithi.

Bibi alikuwa na hadithi ya kazi yao, aliyowasimulia nje wakati wa kuanika. Kwamba hapo mwanzo Bahari na Mbingu walikuwa ndugu, mtu na mdogo wake, wote weupe kama pamba. Bahari ndiye aliyegundua nili, akajitilia shuka rangi ya buluu. Jua akapita zake, akaliona lile shuka tu, akaambiwa na moyo wake kwamba amefika, akatangaza atarudi kumwoa mwenye shuka. Mbingu akamwambia dada yake, hebu niazime nijaribu, na Jua aliporudi akamkuta Mbingu ndiye amejitanda. Wakaoana. Jioni ya siku hiyo hiyo Jua akagundua kosa, na ndiyo maana anashinda kwa mkewe mchana kutwa, kisha jioni anashuka kwa Bahari, mwekundu kwa aibu. Mimi niliposimuliwa nilimuuliza Bibi, yaani Jua hakuona? Na mwanga wote ule? Bibi akaniambia nishike kamba vizuri, nguo zinaburuzika.

Basi Mama na dada yake waligombania nani awe nani. Mama alitaka kuwa Mbingu, kwa kuwa ndiye aliyeolewa. Mama Mkubwa akasema hana neno, yeye atakuwa Bahari, maana Bahari ndiye mwenye rangi. Hapo Mama akageuka, akataka kuwa Bahari. Ndivyo alivyokuwa, Mungu amrehemu. Kitu hakikuwa na ladha kwake mpaka akione mkononi mwa dada yake.

Haya yanayofuata nilisimuliwa na Mama Mkubwa mwenyewe mwaka huu, akiwa kitandani, kifua kimembana na daktari ameshasema tumrudishe nyumbani tukamtunze. Mama yangu alikuwa ametangulia. Rangi ilikuwa imeanza kumtoka Mama Mkubwa mikononi kwa kukaa muda mrefu bila kugusa mtungi, na yeye akawa anaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Walipokuwa wasichana, alisema, alikuja mfumaji. Kijana mpole, mrefu, mwenye mashine moja tu ya kufumia, aliyeleta uzi wake kila wiki na kuufuata wiki inayofuata. Kwa kuwa kuongea hakuruhusiwi, mteja alionyesha kwa vidole anataka rangi iliyokolea kiasi gani. Huyu hakuonyesha. Alimkuna kiganja. Mara moja maana yake rangi nyepesi, mara mbili iliyokolea. Siku moja akakuna na kukuna na kukuna, na Mama Mkubwa, kwa kuwa hawezi kucheka mbele ya mtungi, akamfinya. Basi wakawa na mchezo. Jamaa alificha kitu ndani ya uzi, kifungo au ushanga, naye akakirudisha kimefungwa vifundo vya kijinga ambavyo kuvifungua ni kazi ya asubuhi nzima. Wakati mwingine walishikana mikono tu hapo kidirishani mpaka mteja wa nyuma aanze kukohoa.

"Nilimjua mwanaume yule kuliko wanawake wengi wanavyowajua waume zao," aliniambia. "Na sikuwahi kumwona juu ya kifua."

Mfumaji akaja kwa Babu kwa mlango wa mbele. Akasema anaomba binti, yule wa kidirishani, yule mwenye mikono ya buluu. Babu akacheka, akamwambia hapa hata paka ana mikono ya buluu, njoo mwezi ujao na mjomba wako uwaone na sura, usije ukanirudishia, na mpaka hapo usionekane kidirishani.

Mama Mkubwa alipoteza usingizi kwa furaha. Hapo ndipo mdogo wake alipomwendea chumbani.

"Dada, kwani utatokea mbele ya watu na mikono hiyo?"

"Ina nini?"

"Wewe umeizoea. Mjomba wake atadhani ni ukoma. Pumzika kazi ya mtungi, uisugue, uende safi kama bibi harusi. Mimi nitakushikia kazi."

Ungemwona Mama Mkubwa mzima, mcheshi wa kutania maiti sokoni, usingeamini kwamba alikubali. Lakini msichana anayependa ni msichana anayependa. Alikaa nje ya chumba cha mitungi mwezi mzima akijisugua kwa ndimu, majivu na jiwe la mguuni mpaka ngozi ikachubuka. Mdogo wake, ambaye siku zote alikwepa mtungi kama deni, akawa analoweka uzi asubuhi na jioni, na mikono yake ikakolea buluu hadi viwiko. Je, alipanga? Mama Mkubwa alisema hajui. Mimi namjua mama yangu. Alipanga.

Siku ikafika. Babu na wageni walikaa sebuleni. Mabinti waliingia, mkubwa na sinia ya vikombe, mdogo na birika. Mfumaji hakutazama sura. Alitazama mikono, akaona ile ya buluu iliyoshika birika, akatabasamu meno yote nje, akainuka mbele ya wazee akafungua kiganja chake, kama alivyozoea kidirishani. Mama akaweka birika chini. Akaweka mkono wake juu ya kile kiganja.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama na sinia. Alidhani kwanza kwamba mwanaume ameona wote wawili akachagua mzuri, na hilo angelivumilia, alisema, maana si la kwanza kumpata. Lakini wageni walipokuwa wanaaga alikuwa ukumbini, akamsikia mfumaji akimwambia Babu, "Leo nimeupata mkono niliokuwa nautafuta." Hapo akaelewa.

Alimfuata mdogo wake jikoni. Alitaka kupiga kelele nyumba nzima isikie. Mama akaanguka, akamshika miguu.

"Niachie, dada. Wewe Baba amekupa mitungi. Kila mtu anakuita fundi. Mimi nina nini? Nina bomba. Niachie huyu mmoja."

Akamwachia. Nilimuuliza kwa nini, kwa hasira, kana kwamba naweza kumzuia sasa hivi. Alisema mambo mawili. Kwamba yule alikuwa mdogo wake. Na kwamba alikuwa na hakika mfumaji atagundua mwenyewe. Mkono unaujua mkono, alisema. Atagundua wiki hii, atagundua mwezi huu, na hapo atakuja, na hakuna atakayeweza kusema ni yeye aliyempokonya mdogo wake mume.

Mfumaji ni baba yangu. Kama hujanielewa mpaka sasa kwa nini jambo hili linanichoma, ndiyo hiyo.

Mama Mkubwa alirudi kwenye mitungi, akawatilia rangi shuka la harusi yao, akakaa anasubiri. Baba, akiwa mkwe sasa, aliingia kwa mlango wa mbele na kunywa chai na Babu, na uzi wake akaletewa pale pale alipokaa. Mimi mwenyewe, utoto wangu wote, nimemwona Mama Mkubwa akimpa kikombe. Aliking'ang'ania kidogo kabla ya kukiachia. Nilidhani ni utani wake. Baba alikipokea kwa ukingo wa kisahani, macho chini, akasema "asante, shemeji," na mimi nikadhani ni adabu. Wanaume walikuja kumposa, akawacheka. "Nimewatia rangi wote, wakachuja," aliniambia. Akazeeka hivyo.

"Sasa mdogo wangu hayupo," alisema siku alipomaliza kunisimulia. "Hakuna nyumba ya kuvunja. Nenda kamwambie baba yako. Sitaki kitu kwake. Nataka ajue tu kwamba ni mimi. Nisife kabla hajajua."

Nikaenda. Njia nzima nilikuwa namwonea Baba huruma, mtu mzima aliyedanganywa maisha yake yote. Nilimkuta kazini kwake, amekaa kwenye mashine, miguu ikikanyaga taratibu maana magoti yamechoka. Nikamwambia yote bila kupumua. Miguu ikasimama.

"Kumbe amekwambia," akasema.

"Baba, ulikuwa unajua?"

Akachukua uzi uliokatika, akauunga, kazi ya kufumba na kufumbua, lakini aliichelewesha.

"Wageni wa harusi walikuwa hawajamaliza kuondoka. Nilimkuna mama yako kiganja. Akaniuliza, unaniwasha nini?"

"Kwa hiyo ukajua siku ile ile."

"Nikajua."

"Na ukanyamaza."

"Watu walikuwa wameshakula, mwanangu," Baba alisema. "Na mama yako alikuwa mzuri. Nilijiambia nitazoea, na kweli nikazoea. Ningefanya nini?"

Watu walikuwa wameshakula! Nimewahi kuchukia, lakini siku hiyo nilijua kwamba zamani nilikuwa najaribu tu. Mama alisema uongo akiwa msichana, kwa wivu na kwa kukosa. Huyu alikuwa na ukweli kiganjani mwake, akakaa nao mezani akinywa chai iliyomiminwa na yule anayesubiri. Ndoa yao haikuwa mbaya hata, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Walicheka. Walizaa. Nilitoka bila kuaga.

Nilipoingia, Mama Mkubwa alikuwa ameegemea mto, kajipangusa uso.

"Alisemaje?"

Nilikuwa nimefanya mazoezi njiani. "Alilia," nikasema. "Hakujua, Mama Mkubwa. Hakujua kabisa."

Uso wake ulifunguka. Sijui niseme nini zaidi, ulifunguka, akawa msichana. Alinishika mkono, akacheka mpaka akapaliwa, akasema, "Nilikwambia! Angejua asingekaa!" Halafu akasema neno ambalo sikuwa nimelipigia hesabu. "Mlete."

Nilimrudia Baba kesho yake. Nilimkuta ameshavaa kanzu, anataka kuja mwenyewe, anasema ni lazima amwombe msamaha kabla hajafa, ameubeba mzigo huu siku nyingi.

"Mzigo huo utaendelea kuubeba," nikamwambia. Sikuwahi kuongea na baba yangu hivyo. "Ukiingia mle ndani, hukujua. Usipoweza, baki hapa hapa na uzi wako."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtoto.

Ilikuwa mchana, jua limeingia hadi kitandani. Nilikuwa nimempaka Mama Mkubwa mafuta na kumvalisha kitambaa kipya kichwani, amechagua mwenyewe, akakataa viwili. Baba akakaa kwenye kigoda. Wakatazamana. Kisha Baba akafungua kiganja, na yeye akaweka mkono wake, na nikaona kidole cha baba yangu kikimkuna, mara mbili.

"Nisamehe," Baba alisema. "Sikujua."

"Najua hukujua. Chiriku kaniambia." Alikuwa anamtazama usoni kwa uchu, kama anayelipwa haki yake iliyocheleweshwa. "Hebu niambie. Ungejua siku ile, ungefanya nini?"

Baba akanitazama mimi. Nikamkazia macho.

"Ningerudi," alisema. "Ningerudi kwa baba yako siku hiyo hiyo nikamwambia nimekosea. Ningekuchukua wewe."

Alisema vizuri. Sauti ilimkatikia mwishoni na machozi yalikuwa ya kweli, maana nadhani wakati ule mwenyewe alitamani yawe kweli. Mama Mkubwa alifumba macho. Midomo ilitabasamu, na mimi nikashukuru Mungu nikidhani yamekwisha salama. Nilikuwa nimesimama miguuni kwake na beseni.

Akafumbua macho, yakaniangukia mimi. Tabasamu likaanza kumtoka, polepole, kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria jikoni.

"Na Chiriku je?" akamuuliza Baba.

Baba akauangalia ule mkono aliokuwa ameushika.

"Ungekuja kunichukua, huyu angetoka wapi?"

"Shemeji..." Baba alianza.

Alinitazama vizuri, toka kichwani hadi kwenye beseni. Akauvuta mkono wake kutoka kiganjani mwa Baba, akampigapiga bega taratibu, kama unavyomliwaza mgeni aliyekuvunjia glasi.

"Basi afadhali hukujua," alisema. "Afadhali hivyo hivyo, shemeji. Afadhali hukujua."

Kisha akaniomba maji. Nilimshikia kikombe kwa mikono miwili, nikashindwa kumtazama usoni. Baba naye alishindwa.